Mefiboshethi Mezani kwa Mfalme

Somo: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13

 

Sisi wakimbizi tungepaswa kumjua Mefiboshethi kuliko watu wote. Alikuwa na miaka 5 habari mbaya zilipofika kutoka Yezreeli. Yaya wake akambeba, akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Nani kati yetu aliyevuka Bunagana usiku asiyemwelewa yaya yule? Baadaye tunamkuta akiwa mtu mzima huko Lo-debari, anakaa nyumbani kwa mtu mwingine, na anajiona kama mbwa aliyekufa.

Tunaandika haya kwa ajili ya watoto wetu wenye usonji, ambao hospitalini huitwa otizimu. Mtoto haitiki jina lake. Anapanga vizibo vya soda mstari mmoja kutwa nzima. Spika zikilia anaziba masikio na kupiga kelele. Wengine husema ni kwa sababu nyumbani anasikia Kiswahili na Kinyabwisha, njiani Kiluganda, shuleni Kiingereza. Sivyo. Ndugu zake wa nyumba hiyohiyo wanazishika lugha zote nne.

Lazima tuungame. Mama mmoja alituletea mwanawe wa miaka 6. Tulifunga siku 3, tukamwekea mikono watu wengi kwa pamoja, tukakemea kwa sauti kubwa. Mtoto alilia mpaka akatapika, nasi tukasema kilio kile ni ushahidi wa pepo. Leo tunajua alikuwa anaogopa mikono yetu na sauti zetu. Kisha mmoja wetu akamwuliza mama mbele ya watu, alitenda nini huko nyuma. Mama yule hakuonekana kanisani mwaka mzima. Wanafunzi waliuliza swali hilohilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu (Yohana 9), na Bwana akalikataa. Sura hiyo tuliisoma katika chuo cha Biblia, tukaifanyia mtihani, tukafaulu.

Hata madaktari walianguka hapo. Leo Kanner aliandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 huko Marekani, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu wengi waliwalaumu akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao. Fundisho hilo limeachwa. Usonji unatokana na jinsi ubongo unavyokua tangu mwanzo, si malezi, si laana, wala si kukimbia vita. Na ninyi mnaotoka Kongo mjue: Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya 2009 ya kulinda watoto inaweka adhabu. Ni aibu serikali kuliona jambo hili kabla ya madhabahu.

Turudi mezani. Daudi hakuishia kumhurumia Mefiboshethi. Alituma watu wamlete, kisha akamwagiza Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi 20, wamlimie mashamba. Huruma ya mfalme ilikuwa na majembe. Na angalieni sura inavyomalizika: anakula mezani siku zote, na bado ni kiwete. Hakuna aliyemwambia apone kwanza.

Majembe yetu ni yapi? Hapa Kampala watu hulitaja jina la Butabika kama tusi. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ina huduma ya watoto na vijana, na kumpeleka mtoto huko kupimwa si kumfungia. Mkimbizi hutibiwa katika hospitali za serikali kama mwananchi, na ada zilifutwa mwaka 2001, ingawa nauli ni mzigo wetu. Chuo cha Kyambogo kinafundisha walimu wa watoto wenye ulemavu. Dawa ya kuondoa usonji haipo. Anayewauzia, iwe mizizi au chupa ya mafuta ya upako, anawaibia. Kinachosaidia ni kumfundisha mtoto hatua ndogondogo, kwa picha, kwa ratiba isiyobadilikabadilika, na mzazi kufundishwa pamoja naye.

Tena tusimhukumu mama anayemfunga mwanawe kamba kitandani ili akauze vitenge. Mtoto huyu hukimbilia barabarani kwenye magari na boda. Tujiulize ni nani kati yetu alijitolea kubaki naye.

Mama tuliyemtaja amerudi, naye ameturuhusu kuandika haya. Kuanzia Jumapili ijayo spika ya upande wa mlango itazimwa, na benchi la mwisho upande huo ni la familia hizi. Mtoto akisimama na kuzunguka wakati wa mahubiri, mwacheni azunguke. Akina mama wawili watakaa na watoto kila Jumatano ili wazazi waende sokoni. Wanaoweza kusindikiza familia Butabika kwa zamu waandike majina kwa shemasi baada ya ibada. Tunahitaji hasa anayejua Kiluganda vizuri.