Fedha ya Mchango na Safari ya Siku Tatu



Liko swali ambalo limekuwa likiulizwa nje ya kanisa baada ya ibada, na kwa kuwa huulizwa kwa sauti ya chini, twaona yafaa tulilete mwangani. Je, kijana aliyekwenda kusoma ng'ambo kwa mchango wa watu, ni halali kwake kutoka na rafiki zake siku tatu kwenda kutembea nchi nyingine? Mathalan, anasoma Uingereza. Likizo ya Pasaka yafika, wenzake wanne waamua kwenda Paris, naye afuatana nao. Picha yake mbele ya mnara wa Eiffel yafika nyumbani kabla yeye hajarudi chumbani kwake. Ndipo mtu asema, "Kumbe yule jogoo tuliyemnadi kwenye harambee ndiye aliyepanda mnara!"

Maneno hayo yachekesha, lakini yana uchungu ndani yake. Mama aliyetoa akiba ya mboga zake ana haki ya kuuliza, wala asiambiwe kwamba ana wivu. Basi na tulipime jambo hili polepole.

Kwanza, tujue safari yenyewe ni ya namna gani. Wengi wakisikia Paris huwaza ndege na hoteli. Safari ya wanafunzi siyo hiyo. Hupanda basi la usiku katika stesheni ya Victoria, London. Basi huvuka bahari kwa meli kutoka Dover hadi Calais, mwendo wa saa moja na nusu hivi, au hupakiwa ndani ya gari la moshi lipitalo chini ya bahari, katika njia iliyofunguliwa mwaka 1994. Hulala bwenini, watu sita au wanane chumba kimoja. Hula mkate na jibini kando ya mto Seine. Huingia kanisa la Notre-Dame, lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, ambalo kuingia ni bure. Kwa kijana wetu liko jambo moja zaidi. Mwenzake mwenye pasipoti ya Uingereza haombi viza kwa safari fupi kama hiyo, bali mwenye pasipoti ya Kenya hana budi kuiomba, na tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni Yuro 90. Huenda ruhusa ya kwenda ikamgharimu kupita nauli ya kumfikisha.

Pili, tutazame fedha yatoka wapi. Iliyochangwa kwa ajili ya karo ni amana. Haikutolewa kwa matembezi, na kuitumia hivyo ni kuvunja amana, hata ikiwa ni shilingi chache, hata ikiwa atairudisha baadaye. Hapo hatuna la kujadili. Lakini sheria ya Uingereza kwa kawaida humruhusu mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka ng'ambo kufanya kazi hadi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Akiosha vyombo jikoni au akitunza wazee usiku, kisha akajiwekea kidogo kidogo kwa miezi, hiyo ni jasho lake.

Mtu atajibu, "Hata hiyo angeileta nyumbani." Hapa ndipo penye ugumu. Wako wanaokimbilia habari ya Mariamu wa Bethania, aliyemwaga marhamu ya thamani ya dinari mia tatu, na Yuda akanung'unika kwamba ingeuzwa wapewe maskini. Lakini tusiitumie vibaya habari hiyo. Mariamu alimpa Bwana. Kijana wetu ajipa mwenyewe. Afadhali tukumbuke jinsi Bwana alivyowaita wanafunzi wake, waliochoka hata wakakosa nafasi ya kula, waende kando wakapumzike kidogo. Aliwaita wangali na kazi, na makutano wangali na njaa. Angesema wangoje mpaka haja za watu ziishe, wasingalipumzika kamwe.

Tena, zawadi haimnunui mtu. Tukimsaidia kijana kisha tukadai kuhesabu kila tonge alalo, hatukumpa, tumemkopesha, na riba yake ni uhuru wake. Toka ndege ya wanafunzi 81 ilipoondoka kwenda Marekani mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, watu wetu wametumaini kwamba wasomi watarudi na kitu zaidi ya cheti. Kuona jinsi mataifa mengine wanavyoishi ni sehemu ya kitu hicho. Wahenga walisema, tembea uone.

Hata hivyo uhuru una mpaka wake. Ikiwa juma lile lile mdogo wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, safari na ingoje. Mto Seine hautakauka. Kupumzika ni haki, lakini haki si lazima itumiwe leo.

Tatu, kuna wajibu wa wasafiri wao kwa wao. Yakobo alipokutana na Esau alikataa kwenda kwa mwendo wa nduguye. Alisema atafuata mwendo wa watoto na wa mifugo. Hiyo ndiyo kanuni ya msafara wa Kikristo. Kati ya rafiki watano, mwenye mfuko mwepesi ndiye apimiwe mwendo, na asilazimishwe kusema kwa aibu kwamba hana. Wala urahisi wa safari usitafutwe kwa hila. Anayeruka kizuizi cha stesheni asilipe nauli hakubana matumizi, ameiba.

Basi, kijana ajipimeje? Twashauri ajiulize swali moja: Je, naweza kuwaandikia nyumbani habari hii yote, pamoja na gharama yake na fedha ilikotoka? Akiweza, na aende kwa amani. Akiona lazima afiche kitu, dhamiri yake imekwisha kumjibu.

Lakini shauri hili lina upande wa pili. Mtoto apigwaye kwa kusema kweli hujifunza kusema uongo. Barua ya kweli ikifika, ipokelewe kwa furaha. Tuulize alichokiona, tuombe picha zaidi, tumshukuru Mungu kwamba hakuwa peke yake katika nchi ya baridi.

Bwana awalinde vijana wetu walio mbali, kutoka kwao na kuingia kwao. Amina.