Kutu na Kovu: Juu ya Kufufua Magari ya Zamani

Kwa Kiswahili twasema kutu imeingia, kutu imeshika, kutu imekula. Katika semi zote tatu kutu ni mgeni mwovu aliyetoka nje, na chuma ni mwenyeji asiye na hatia. Wataalamu wa kemia wana habari nyingine. Kutu ni chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni na maji. Na mawe ambayo chuma huyeyushwa kutoka kwayo, hayo nayo aghalabu ni chuma kilichoungana na oksijeni. Mhunzi wa kale kwa mivukuto na makaa yake, sawa na kiwanda cha leo, kazi yake ni kuvitenganisha viwili hivyo. Ardhi nyekundu ya Arua na Koboko imepata wekundu wake kwa madini ya jamii hiyo hiyo. Basi gari kuukuu lililoachwa uani kwa miaka arobaini halijavamiwa na adui. Linarudi kwao, taratibu, masika baada ya masika.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu linavunja mapema hoja moja iliyo rahisi mno, nayo ni kwamba anayeondoa kutu anakirudishia chuma hali yake ya asili. La hasha. Hali ya asili ya chuma ni udongo. Anayesugua kutu, akapaka rangi na kung'arisha, huchagua hali moja kati ya nyingi ambazo kitu kile kimepitia, akailazimisha ikae. Na mwenye kuchagua huweza kuulizwa: kwa nini hali hii, si ile? Umeondoa nini? Umemwambia nani?

Tuchukue gari ambalo watu wa West Nile wamelijua tangu enzi ya ukoloni, yaani Land Rover. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kilikuwa kikitolewa kwa mgao, ilhali alumini ilikuwa rahisi kupatikana. Kwa hiyo waliolibuni wakaipa bodi yake mabamba ya alumini, na chini wakaweka chesisi ya chuma. Alumini haishiki kutu. Chesisi hushika, tena, kwa kuwa imeundwa kama sanduku lenye uwazi ndani, hupokea tope na maji ya barabarani, ikaoza kutoka ndani kuja nje. Mtu aweza kuliona gari la namna hiyo limesimama mjini Arua, milango mizima, madigadi yanang'aa, kumbe ukilala chini yake na nyundo ndogo, nyundo inapenya. Wahenga wa pwani waliosema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, hawakuwahi kuiona Land Rover, lakini waliielewa.

Fundi mwaminifu huanza kwa nyundo, haanzi kwa rangi. Huigonga chesisi hatua kwa hatua huku akisikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Kisha hukata sehemu mbovu mpaka afike kwenye chuma kizima, si mpaka afike mahali ambapo kipande alicho nacho kinatosha, akalehemu bamba jipya lenye unene ule ule. Ama vifaa vidogo, kama bawaba, bolti na vishikizo, vina dawa yake. Kimojawapo hutumbukizwa katika pipa la plastiki lenye maji na magadi, waya hasi wa chaja ya betri ukafungwa kwenye kifaa, na waya chanya kwenye kipande cha chuma chakavu kilichomo katika maji hayo hayo pasipo kugusana na kifaa. Kutu hulegea na mapovu hupanda. Mapovu hayo ni haidrojeni, nayo huwaka, kwa hiyo kazi hii hufanywa uwanjani na mbali na sigara. Na kile kipande chakavu kisiwe cha ule msombo usioshika kutu ambao masufuria na vijiko hutengenezwa kwao, maana huacha sumu ya kromu majini. Wengine hutumia molasi, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, wakasubiri wiki moja au mbili. Harufu yake ni mbaya, lakini njia hii naipenda: huila kutu bila kukidhuru sana chuma, na humfundisha subira mtu ambaye angependa kumaliza leo.

Kifaa kikitoka humo hakina budi kuoshwa, kukaushwa upesi, kisha kupakwa rangi ya kwanza siku ile ile. Mvua za Arua huanza yapata Aprili na kuendelea hadi Novemba, na katika hewa ya miezi hiyo chuma kitupu huota utando wa manjano katika muda wa saa chache. Hata jasho la kiganja latosha kuacha alama ya kidole ambayo baadaye itachomoza chini ya rangi. Jambo lenyewe ni rahisi kulieleza: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, hivyo kutu iliyofunikwa haikai kimya. Huvimba, huinua rangi, huipasua, na kuyakaribisha maji mapya.

Kuna njia nyingine, nayo ni ya siku moja. Tundu hujazwa magazeti na puti, puti ikikauka hupigwa msasa, rangi hupulizwa, na gari hupelekwa sokoni. Kizuri chajiuza. Mnunuzi analipa, anapakia watu kumi na magunia, na kushika njia ya Koboko. Zamani barabara ile ilikuwa ya changarawe. Ililitikisa gari mpaka ubovu wake ukajitangaza kwa sauti kabla ya hatari kufika. Tangu muongo wa 2010 lami imetandazwa kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, na gari lenye chesisi ya puti huweza kwenda kasi kama gari zima, mpaka dakika ile linapokunjika.

Ni nani aliyesema uongo hapo? Fundi atajitetea kwamba alitumwa. Mwenye gari atasema hakujua ufundi. Mimi naona lawama kubwa zaidi ni ya fundi, kwa sababu yeye pekee alikiona chuma kikiwa uchi. Wenzangu walimu wasicheke: anayempandisha darasa mtoto asiyejua kusoma, ili takwimu za shule zipendeze, amejaza puti vilevile, na yeye ndiye aliyeliona tundu.

Mpaka hapa wengi tutakubaliana. Ugumu unaanza tunapomfikia fundi wa aina ya pili, ambaye hana hila yoyote, lakini ana bidii kupita kiasi. Huyu hung'oa kila kitu, husugua kila kitu, hubadili kila bamba lenye mkunjo, na mwishowe hutoa gari lililo jipya kuliko lilivyotoka kiwandani. Wanafalsafa wana kisa chao juu ya jambo hili, kile cha meli ya Theseus ambacho Plutarch alikisimulia: mbao zote zikisha kubadilishwa, ni meli ile ile au nyingine? Thomas Hobbes, katika karne ya 17, aliongeza kwamba mtu aweza kuziokota mbao za zamani akaunda nazo meli ya pili. Kwetu jambo hilo halina ugeni. Land Rover moja iliyokufa imepata kuzifufua nyingine tatu, na hakuna aliyekosa usingizi kwa kuuliza ipi ndiyo yenyewe. Swali hili naliona dogo. John Ruskin, Mwingereza, alisema jambo zito zaidi mwaka 1849 alipodai kwamba kulirudishia jengo la kale upya wake ni kuliangamiza, na tena ni uongo, kwa kuwa mkono wa aliyelijenga hauwezi kurudishwa. Angeliona gari letu, labda angetuambia tuliache lioze kwa heshima. Lakini Ruskin alikuwa akizungumzia makanisa, na kanisa halihitaji breki.

Kwa maoni yangu kuna mpaka, nao haupo kati ya kipya na cha zamani. Upo kati ya kutu na kovu. Kutu ni madhara ambayo bado yanakula. Ukiyaacha leo, kesho yatakuwa makubwa zaidi, na atakayelipa ni mtu mwingine. Kovu ni madhara yaliyokwisha kusimama. Bonde katika mlango, pedali iliyolika upande mmoja kwa miguu ya madereva wawili au watatu, mikwaruzo ya magunia ya tumbaku nyuma ya gari: hayo hayali kitu. Kutu iondolewe bila huruma mpaka chuma kionekane. Kovu liulizwe kwanza. Najua kwamba kovu laweza kuwa mlango wa kutu, kwa maana mkwaruzo katika chuma hualika maji; lakini dawa ya mlango ni kuufunga, kwa mafuta au kwa rangi isiyo na rangi, na si lazima kuubomoa ukuta.

Tazama mahali ambapo rangi ya zamani imesuguliwa polepole kwa msasa laini. Hutokea miviringo, rangi ndani ya rangi: kijani, kisha kijivu, kisha nyeupe. Kila rangi ni zama au mwenye gari. Katika Uganda hesabu hiyo haisomwi kwa furaha sikuzote. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alitangaza kufukuzwa kwa Waasia, wakapewa siku 90, na mali walizoziacha zikagawiwa wengine. Sheria ya mwaka 1982 iliwafungulia wenyewe njia ya kudai mali hizo, na baadhi ya majengo yalirudishwa kwao. Jengo halihami, lakini gari ambalo limekwisha kupita mikono mitano na rangi tatu ni vigumu kulidai. Kwa hiyo namba iliyogongwa kwenye chesisi ina uzito kuliko kromu yote ya mbele. Fundi anayeisaga, hata ikiwa chuma kinabaki safi na laini kuliko kilivyokuwa, hakuondoa kutu yoyote hapo. Amefuta jina la mtu.

Kuna makovu mazito zaidi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na kufikia Juni majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika mpakani mwa Sudan. Oktoba 1980 vita vilirudi West Nile. Arua na Koboko zikachomwa na kuporwa, na watu kwa maelfu mengi wakavuka kwenda Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Wengi wa wakimbizi walirudi kuanzia 1986. Tuseme mmoja wao alilikuta gari la baba yake limezama katika majani, na ubavuni lina matundu matatu ya risasi. Leo wajukuu wanataka kulifufua. Mmoja anasema matundu yazibwe, maana hawezi kupanda gari linaloomboleza. Mwingine anasema yaachwe, maana bila hayo gari litaongopa. Siwezi kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea.

Sisi waalimu wa Kiswahili tuna gari la namna hiyo darasani. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda, na Waganda wengi walikisikia kwanza mdomoni mwa mtu mwenye bunduki, kwenye kizuizi cha barabara. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Wako walimu wanaokifundisha kana kwamba kilifika Uganda jana, kwa jahazi, kikiwa na mashairi matupu. Hofu ambayo bado inamfunga mtoto ulimi ni kutu, nayo yatupasa kuisugua kila siku. Habari ya kizuizi cha barabara ni kovu, na sioni sababu ya kuipulizia rangi.

Ama yale matundu matatu, fundi anayejua kazi ana la kuwaambia wajukuu wote wawili. Bamba ni la alumini, kwa hiyo halitashika kutu. Lakini maji yatapita ndani na kuifikia nguzo ya chuma. Lazima yazibwe kwa kipande cha alumini kutoka ndani, na kati ya kipande hicho na nguzo iwepo rangi nzito, kwa sababu metali mbili zikigusana penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa nje yanaweza kuonekana au yasionekane, kama familia itakavyoamua. Gari ni lao na msiba ni wao. Wakiamua yasionekane, awaombe ruhusa ya jambo moja: kile kipande cha ndani kisipigwe msasa wala kufanana na bamba lililokizunguka, na riveti zake ziachwe wazi, ili anayefungua mlango wa nyuma na kuinama aone mahali palipozibwa. Na kwenye daftari la gari aandike tarehe ya kazi, unene wa bamba, na idadi ya matundu.