Jina la Kamanyola ni la nani?

Mtu akitoka Nguba akitaka kufika Uvira, ana njia mbili. Ya kwanza ni kuvuka Ruzizi, kupita Rwanda mpaka Bugarama na kurudi Kongo pale Kamanyola. Wenye karatasi za mpaka ndiyo wanapenda. Ingine ni kushuka Ngomo, ile milima ya baada ya Nya-Ngezi, barabara imebanwa kati ya mawe na shimo. Zote mbili zinakutana Kamanyola. Ndiyo maana vita ilipiganwa pale: aliyeshika Kamanyola alishika mlango wa kupanda Bukavu.

Mwezi wa tano 1964 Uvira ilianguka mikononi mwa watu wa Soumialot, wale tunaowaita Bamulele. Mwezi wa sita jeshi la Leta liliwarudisha nyuma Kamanyola, na Mobutu, mkubwa wa jeshi, alikuwako. Alipochukua utawala mwaka 1965, vita ile ikageuka hadithi ya mtu mmoja. Divizio ya jeshi ikaitwa Kamanyola, mashua yake ya mtoni Kamanyola, na mwishowe stade kubwa ya Kinshasa. Mwaka 1997 stade ikapewa jina la Mashahidi, yaani Kimba na wenzake watatu ambao Mobutu aliwanyonga mwaka 1966.

Je, ilikuwa haki kufuta jina? Kwa stade, nakubali bila shida. Lakini majivuno yalipoondolewa, hakuna aliyewakumbuka waliokufa pale kweli: askari waliotoka mbali, na vijana wa bonde, Wafuliiru wengi, walioambiwa kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji.

Utasikia mtu anasema: hao Bamulele waliua walimu na makarani, tuwalilie sababu gani? Ni kweli, waliua. Lakini, ndugu msomaji, kumlilia mtu si kumsifu. Kwetu hata mwizi akipigwa akafa, majirani wanaenda kukaa na mama yake kwenye kilio, wanaleta kuni na unga, na hakuna anayesoma makosa kwanza. Makosa yana baraza lake. Leta ilifanya kinyume: ilichukua kilio cha watu wengi ikakifanya sikukuu ya mtu mmoja aliye hai.

Na 1964 haikuwa mwisho. Mwezi wa tisa 2017, Kamanyola hapo hapo, wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliuawa kwa risasi za walinda usalama wa Kongo. Kama jina hili ni la ushindi tu, hao tutawaweka wapi?

Mimi nasema jina libaki, ila wenye kulieleza wawe watu wa pale. Aliyekuwa na miaka 10 wakati wa vita ile leo amepita 70. Aulizwe nani alizikwa wapi, na nani hakuzikwa, angali anakumbuka majina.