Hasira ya Haki na Heshima ya Waliokufa Vitani

Liko swali moja ambalo yafaa kila mzazi na kila kijana alifikiri mapema, siku za utulivu, kwa maana siku ya ghasia haina nafasi ya kufikiri. Swali ni hili: Watu wanapotoka barabarani kudai haki yao, wakafika mbele ya mnara uliojengwa kuwakumbuka waliokufa vitani, je, hasira yao, hata kama ni ya haki, yawapa ruhusa ya kuupanda mnara ule, kuupaka rangi, au kuuvunja? Wako wasemao: "Jiwe ni jiwe tu, mwenye thamani ni mtu aliye hai." Wengine husema: "Mahali pale pana heshima, basi watu wasiandamane kabisa." Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeiacha njia, na hapa tutajaribu kueleza sababu.

Tuanze na jambo lililotokea mjini Paris, Ufaransa. Katika mji ule liko tao kubwa liitwalo Arc de Triomphe, na chini yake amezikwa askari mmoja asiyejulikana jina. Alikufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na Januari 1921 alizikwa hapo awe badala ya maelfu ya wenzake ambao maiti zao hazikutambulikana. Tangu Novemba 1923 moto huwaka juu ya kaburi lake, na kila jioni watu huja kuuchochea. Desemba 1, 2018, waandamanaji waliovaa vizibao vya njano walikusanyika mahali hapo. Walikuwa wameanza kuandamana Novemba 17 kwa ajili ya kodi ya mafuta ya magari, na wengi wao walikuwa watu wa mashamba na miji midogo, ambao mshahara ulikwisha kabla ya mwezi kwisha. Malalamiko yao hayakuwa ya upuuzi. Siku chache baadaye serikali yenyewe iliiacha kodi ile. Lakini siku hiyo baadhi yao waliandika maneno juu ya nguzo za tao, wakavunja mlango na kuingia ndani, wakaharibu vitu vya kale. Picha zake zikaonekana duniani kote.

Hata hivyo siku ile ile lilitendeka jambo jingine ambalo halikusemwa sana. Waandamanaji wengine, wenye vizibao vile vile vya njano, walilizunguka kaburi la askari yule lisipate kukanyagwa. Hawa hawakuyaacha madai yao, wala hawakugeuka kuwa watu wa serikali. Walijua tu kwamba ugomvi wao una mipaka. Katika kundi moja, kwa saa ile ile, twawaona watu wa namna mbili; na ingefaa kila mmoja wetu ajiulize angesimama na wapi.

Kwa nini twasema waliolilinda kaburi ndio waliotenda vema? Haki, kama walivyofundisha wataalamu tangu zamani, ni kumpa kila mtu kilicho chake. Askari yule hakuiweka kodi. Hakumdhulumu mtu mshahara wake. Hajui hata kama watu wamekasirika. Tena hawezi kujibu, wala kukimbia, wala kumwita wakili. Aliye hai ukimkosea ataweza kukushtaki, au kukusamehe. Marehemu hana ila heshima anayopewa na walio hai. Kilicho chake ni hicho kimoja. Basi mtu anayesimama barabarani na kupaza sauti kwamba amenyimwa kilicho chake, na papo hapo amnyime maiti kilicho chake, mkono wake wa kushoto wavunja kile unachojenga mkono wa kulia.

Lakini msomaji mwenye busara atauliza: "Je, sanamu zote ni sawa? Mbona ziko zilizosimamishwa na wenye nguvu ili wajisifu? Nazo tuziheshimu?" Swali hili ni la haki, na jibu lake tunalo hapa hapa Dar es Salaam.

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha mjini humo sanamu ya Hermann von Wissmann, ambaye alivunja upinzani wa watu wa pwani walioongozwa na Abushiri, akamnyonga Abushiri huko Pangani mwaka 1889. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu, na chini ya miguu yake alikuwapo askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, waliiondoa. Ilipelekwa Uingereza, kisha ikarudi Ujerumani, ikasimamishwa tena Hamburg mwaka 1922, mbele ya chuo kikuu. Huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa. Wakaiangusha tena mwaka 1968, na hapo haikurudishwa. Na mahali pale Dar es Salaam ilipotoka, mwaka 1927 ilisimamishwa Sanamu ya Askari tuionayo hadi leo, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini.

Angalieni basi: mahali pamoja, sanamu mbili. Ile ya kwanza yasema, "Mtazameni huyu, ndiye bwana wenu." Ile ya pili yasema, "Watu walikufa, msiwasahau." Ya kwanza ni hoja, na hoja yaweza kujibiwa. Watu wa nchi wana haki ya kujadiliana kama yafaa kubaki au kuondolewa, na kuiondoa kwa utaratibu si dhambi. Ya pili si hoja, ni deni. Mtu asiyeweza kutofautisha mambo haya mawili atakosea, ama kwa kuiabudu sanamu ya mtawala, ama kwa kulitukana kaburi la maskini.

Wala hatusemi kwamba ukumbusho huo wa pili hauna doa. Vita vile vya 1914 hadi 1918 havikuwa vyetu. Wazungu waligombana kwao, na watu wetu wakapigana pande zote mbili, ndugu kwa ndugu. Waliokufa upande wa Wajerumani hawamo katika kumbukumbu ile. Na wengi kuliko askari walikuwa wapagazi, ambao aghalabu walichukuliwa kwa nguvu, wakabeba risasi na vyakula kutoka pwani hadi mipaka ya Rhodesia. Waliokufa upande wa Waingereza pekee wakadiriwa kupita 90,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la Kariakoo, tulitajalo kila siku tuendapo sokoni, na jina la Kariokor kule Nairobi, yatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Mwezi wa Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Mtu akikasirika kwa kusikia hayo, twasema amefanya vema. Lakini na afikiri sawasawa. Kosa lililotendwa ni kuwasahau watu wale. Je, dawa ya kusahau ni kuvunja kile kidogo kinachowakumbusha? Akiivunja Sanamu ya Askari kwa kuwakasirikia wakoloni, mkoloni hapotezi kitu. Anayepoteza ni mpagazi wa Tabora au wa Kisumu, aliyekufa porini bila kaburi. Dawa ya kusahau ni kukumbuka zaidi: kuyaandika majina, kuyatafuta makaburi, kuwasimulia watoto.

Sasa na tuwageukie wale wasemao kwamba kwa heshima ya marehemu watu wasiandamane. London, katika barabara ya Whitehall, uko mnara uitwao Cenotaph, yaani kaburi tupu, uliozinduliwa Novemba 11, 1920. Kila mwaka siku hiyo, saa tano asubuhi, Waingereza hunyamaza kwa dakika mbili. Mwaka 2023 watu wengi waliazimu kuandamana siku hiyo hiyo kwa ajili ya vita vya Gaza. Waziri Mkuu alisema ni kukosa heshima. Mkuu wa polisi akajibu kwamba sheria haimpi sababu ya kuwazuia. Ikawaje? Waandamanaji, ambao polisi waliwakadiria kuwa 300,000, walianza safari yao mchana, baada ya ule ukimya, wala njia yao haikupita penye mnara. Waliofanya fujo karibu na mnara asubuhi ile, wakapigana na polisi muda mfupi kabla ya ukimya, walikuwa wale waliosema wamekuja kuulinda.

Jambo hili latufundisha mawili. La kwanza, yawezekana kudai haki kwa sauti kubwa na bado kuwapisha marehemu; yatosha kuchagua saa na njia. La pili, heshima ya marehemu yaweza kugeuzwa fimbo ya kuwapigia walio hai, na hapo si heshima tena. Bwana wetu aliwakemea waliopamba makaburi ya manabii na huku mioyo yao ni ile ile ya waliowaua. Kemeo hilo lawahusu watawala wote ambao huweka mashada ya maua mbele ya minara, kisha hukataa kusikia kilio cha wajane na watoto wa mashujaa wale wale.

Katika Maandiko tunaye mtu aliyeunganisha mambo haya mawili, naye ni Tobiti. Mfalme aliwaua watu wa taifa lake na kuwatupa nje ya ukuta. Tobiti akawazika kwa siri, akipinga amri ya mfalme, hata ikambidi akimbie na kupoteza mali yake yote. Kwake kumpinga dhalimu na kumheshimu maiti halikuwa jambo mbili. Lilikuwa tendo moja.

Na vijana wetu wa leo walijua hili kuliko wanavyodhaniwa. Juni 25, 2024, vijana wa Kenya waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yao wakapoteza maisha. Mwaka mmoja baadaye wenzao walirudi barabarani kuwakumbuka. Anayetaka jina la rafiki yake aliyekufa lisikanyagwe, tayari ameelewa kwa nini jina la mpagazi lisikanyagwe.

Basi, wanaoongoza maandamano, wakiona njia yao yapita penye ukumbusho, wachague watu waaminifu wasimame hapo. Msafara ukifika unyamaze kidogo, kisha uendelee na madai yake. Watawala nao wasiugeuze ukumbusho kuwa kisingizio cha kuwafunga watu midomo. Na wazazi, msingoje Julai 25, Siku ya Mashujaa. Mkifika Dar es Salaam na watoto, wapelekeni penye Sanamu ya Askari, mwaoneshe maandishi yake, kisha mwaambie habari za wale wapagazi ambao mawe hayakuyataja majina yao. Na jioni, familia ikikusanyika kusali, watajeni na hao katika sala ya kuwaombea marehemu. Mtoto aliyewaombea watu hao nyumbani hatawatupia mawe barabarani.