Kinyonga Aliyechelewa

Wiki tatu zilizopita tulimzika rafiki yangu. Tulisoma pamoja, tukaokoka pamoja. Alipolazwa alinipigia simu niende tuombe. Nikamwambia, "Ndugu, Jumamosi nakuja." Akafa Alhamisi.

Baada ya mazishi hata Biblia sikuweza kufungua. Nilikuwa nashinda shambani tu. Siku moja nikaona kinyonga kwenye ua. Anainua mguu, anasita, anaurudisha. Nikakumbuka hadithi ya nyanya zetu huku Ukambani: Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba wakifa watafufuka. Alipofika akaanza kugugumiza, anarudia tu kwamba ametumwa, ametumwa. Ndege akamkatiza, akatangaza kwamba watu watakufa na kuisha. Nikalia pale pale. Huyo kinyonga ni mimi.

Ndipo Roho akanikumbusha Yohana 11. Yesu alifika Bethania Lazaro akiwa kaburini siku 4. Martha alimwambia wazi kwamba kama angekuwako, ndugu yake hangekufa. Yesu hakumkemea. Alilia nao, kisha akamwita Lazaro atoke. Ule ujumbe uliomshinda kinyonga, Yesu aliuleta mwenyewe.

Mpendwa, hiyo Alhamisi siwezi kuirudisha. Nimetubu, na mjane wake nimemwomba msamaha. Lakini rafiki yangu nitamwona tena. Na wewe, kuna mgonjwa umemwahidi? Usingoje Jumamosi. Nenda leo. Amina.