Uongo wa vita: dhambi ni ya mtungaji peke yake?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, lakini katika vita ufupi huo haumwokoi mtu. Uongo wa vita hauhitaji kudumu miaka mingi. Unahitaji kuishi mpaka bomu la kwanza lianguke. Baada ya hapo, hata ukifichuliwa, aliyekufa hafufuki. Ndiyo maana nataka tujiulize swali ambalo aghalabu tunalikwepa: je, mzigo wa uongo huo ni wa aliyeutunga peke yake, au na sisi tunaousikia na kuupitisha tuna fungu letu?

Tuanze na Kuwait. Agosti 2, 1990 majeshi ya Saddam Hussein yaliivamia nchi hiyo, na dhulma iliyofanyika kule ilikuwa ya kweli: watu waliuawa, waliteswa na kuporwa mali zao. Lakini kwa waliotaka vita, ukweli huo haukutosha. Oktoba 10, 1990 binti wa miaka 15, aliyetambulishwa kwa jina moja tu la Nayirah, alitoa ushahidi huko Washington mbele ya kundi la wabunge wa Marekani. Alisimulia huku akilia kwamba aliwaona askari wa Iraq wakiingia hospitali, wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine za kuwatunzia na kuwaacha wafe sakafuni.

Rais George Bush, yule baba, aliirudia habari hiyo mara kadhaa. Shirika la Amnesty International nalo likaikubali na kutaja watoto zaidi ya 300. Januari 12, 1991 Seneti ilipiga kura kuruhusu vita, 52 dhidi ya 47, na baadhi ya maseneta waliitaja habari ya watoto hao katika hoja zao. Siku tano baadaye mabomu yalikuwa yakianguka Baghdad.

Vita vikaisha. Amnesty ikaifuta kauli yake baada ya kukosa ushahidi wa kuaminika. Kisha Januari 1992 ndipo watu walipoambiwa kuwa yule binti alikuwa mtoto wa balozi wa Kuwait nchini Marekani, na kwamba nyuma ya ushahidi wake ilikuwepo kampuni ya uhusiano ya Hill & Knowlton, iliyokuwa ikilipwa na kikundi kilichofadhiliwa na serikali ya Kuwait.

Mtu angedhani funzo hilo lingetosha. Halikutosha. Februari 5, 2003 Colin Powell alikaa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akaeleza habari za maabara za silaha za kibiolojia zinazozungushwa kwenye magari. Tegemeo kubwa la habari hiyo lilikuwa Mwiraki mmoja aliyekimbilia Ujerumani, ambaye wapelelezi walimpa jina la siri la Curveball, na tahadhari zilikuwa zimetolewa kuwa mtu huyo si wa kutegemewa. Mwezi uliofuata Iraq ikavamiwa. Mwaka 2004 wakaguzi walioongozwa na Marekani yenyewe wakaripoti kuwa hapakuwa na maghala ya silaha hizo. Mwaka 2011 yule mtu akakiri hadharani kuwa alitunga.

Sasa, ndugu msomaji, tazama jambo moja. Wanazuoni wetu wa Hadithi walikuwa na kawaida ya kuuliza kabla ya kupokea maneno: nani kakwambia, na yeye kaambiwa na nani? Mpokezi asiyejulikana waliisimamisha habari yake, hata kama maneno yenyewe ni mazuri na yanaliza. Kwa kipimo hicho, Nayirah asiye na jina la ukoo asingevuka, na Curveball asingevuka. Kilichokosekana ni watu wa kuuliza, si elimu wala mitambo. Wahariri wakubwa waliokuwa na kila nyenzo walipitisha habari bila kuitafuta sanadi yake, na Mei 2004 gazeti la New York Times liliwaambia wasomaji wake kuwa sehemu ya habari zake kuhusu Iraq haikuhakikiwa ipasavyo.

Lakini haitakuwa haki tukiishia kwa Wamarekani. Aprili 2003 Waziri wa Habari wa Iraq, Mohammed Saeed al-Sahhaf, alikuwa akiwaambia waandishi kuwa hakuna Wamarekani Baghdad, ilhali vifaru vyao vimo ndani ya mji. Wako Waislamu wengi waliomshangilia, kwa sababu alisema kile walichotamani kukisikia. Aprili 9 mji ukaanguka. Hapa ndipo penye mtihani wenyewe. Kuuliza sanadi ya habari ya adui ni rahisi. Kila mtu hufanya hivyo. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, haikutofautisha habari inayotuudhi na ile inayotufurahisha.

Atasema mtu: mimi naishi Buguruni, sina jeshi wala kura katika Baraza la Usalama; kuamini kwangu kunamdhuru nani? Namjibu kuwa anayedhurika kwanza ni mdhulumiwa wa kweli. Kila picha ya mtoto wa vita vya zamani inayosambazwa kuwa ni ya jana, ikigundulika, inampa dhalimu neno la kusema: mnaona, hawa ni waongo. Kisha akifa mtoto wa kweli, mama yake analia na watu wanauliza kama naye ameandaliwa. Wakuwaiti waliouawa kweli mwaka 1990 walidhulumiwa mara ya pili na hadithi ile.

Zamani habari hizi zilitufikia kupitia redio za London, Ujerumani na Washington, nasi tulikuwa wasikilizaji tu. Leo kila mwenye simu ni mtangazaji, na kila anayebonyeza kutuma ameingia katika mlolongo wa wapokezi. Jina lake limo. Kwa hiyo jibu langu ni hili: mtungaji ana dhambi ya kutunga, na mpitishaji asiyeuliza ana dhambi ya kupitisha, ya mmoja haimfutii mwenziwe yake. Na pale usipojua habari imetoka wapi, kunyamaza nako ni kumtetea mdhulumiwa.