Nyama ni Halali. Je, ni Lazima?

Pembeni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, barabara ya Langoni, lipo hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe, lililojengwa mwaka 1963. Waumini wake hawali nyama, samaki wala mayai. Walioishika dini barabara hawagusi hata viazi, vitunguu na karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vinavyoishi kwenye udongo wake. Hapo hapo mjini, jua likitua, mishikaki inageuzwa juu ya makaa, na aliyemchinja ng'ombe kwa kutaja jina la Mungu hana wasiwasi wowote moyoni.

Swali linalowatenganisha majirani hawa ni la kale: mwanadamu ana haki gani ya kutoa roho ya mnyama ili yeye ashibe? Siku hizi limeongezewa mengine mawili, la afya na la mazingira, na wanaoyajibu ni madaktari na wanasayansi. Lakini dini zilikuwa zimeanza kuyajibu kabla yao.

Katika kitabu cha Mwanzo, chakula cha kwanza anachopewa binadamu ni mbegu na matunda. Nyama inaruhusiwa sura ya tisa, baada ya gharika, na ruhusa hiyo inakuja na sharti: damu isiliwe. Uislamu nao umehalalisha nyama kwa masharti. Kisu kiwe kikali, mnyama asikione kikinolewa, wala asichinjwe mbele ya mwenziwe. Sura ya Al-A'raf inayoruhusu kula na kunywa ndiyo hiyo hiyo inayokataza israfu. Imam Malik, katika Muwatta, amepokea onyo la Khalifa Umar bin al-Khattab, aliyeufananisha uraibu wa nyama na wa pombe. Hakuna mahali muumini anapoagizwa kula kitoweo cha nyama kila siku.

Ethiopia inaonyesha ruhusa hii yenye mipaka ilivyo katika maisha. Ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, na kwenye sherehe nyama huliwa hadi mbichi. Hata hivyo waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga Jumatano na Ijumaa, kisha Kwaresima ya siku 55, na mifungo mingine, hata jumla ikakaribia siku 180 kwa mwaka. Makasisi na watawa huweza kufikisha 250. Siku hizo hakuna nyama, maziwa, siagi wala mayai. Mezani unawekwa mkate wa injera wa nafaka ya teff, juu yake shiro nzito ya unga wa dengu iliyokolea pilipili, adesi nyekundu, kabichi na sukuma. Pasaka ikifika, kuku na mayai hurudi kwa shangwe. Mfungo huu haukuwafundisha watu kuichukia nyama. Umewafundisha kuisubiri, na wakati wa kusubiri wakajifunza kupika kunde kwa ustadi mkubwa.

Waadventista Wasabato walipita njia nyingine. Mwanzilishi mwenza wa kanisa hilo, Ellen White, alianza kuhubiri habari za afya na mlo mwaka 1863 huko Marekani. Mafundisho hayo yalifika Upareni, katika Tanzania ya leo, pamoja na wamisionari mwaka 1903. Karne moja baadaye, Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, kilianza kuwafuatilia Waadventista wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada. Wasiokula nyama walionekana kuwa na kisukari na shinikizo la damu kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wanaokula. Uzito wa utafiti huo uko hapa: pande zote mbili ni watu wa kanisa moja, wengi wao hawavuti sigara wala hawanywi pombe.

Mwaka 2019, tume ya EAT-Lancet yenye wanasayansi 37 ilipendekeza mlo unaofaa mwili na dunia kwa pamoja: nafaka zisizokobolewa, kunde, mboga na matunda kwa wingi, na nyama nyekundu wastani wa gramu 14 tu kwa siku. Kwa hesabu hiyo, nusu kilo ya nyama choma anayoagiza mtu mmoja Jumamosi jioni, na kachumbari yake pembeni, ni mgawo wa zaidi ya siku 35.

Mazingira nayo yana dai lake. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba ufugaji unachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa ni ya ng'ombe. Hata hivyo ng'ombe hawalingani. Yule wa Mmasai anageuza nyasi za nchi kame, ambako mahindi hayastawi, kuwa maziwa. Kumhukumu sawa na ng'ombe anayenoneshwa zizini kwa nafaka ambayo watu wangeweza kuila si haki.

Mpaka hapo mtu anaweza kudhani hukumu imeshatoka: mboga zimeshinda. Ushahidi kutoka Embu, Kenya, unazuia haraka hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walioongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, waliingia shule 12 za msingi. Watoto wa baadhi ya shule hizo walipewa githeri, yaani mahindi na maharage, iliyochanganywa na nyama ya kusaga, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta. Kundi la nne halikupewa kitu. Waliokula nyama waliwapita wenzao katika hesabu na mitihani ya kufikiri, wakaongeza misuli, na uwanjani wakaonekana wachangamfu zaidi na wepesi wa kuongoza michezo. Sababu inaeleweka. Mahindi na maharage hushibisha, lakini vitamini B12 haimo, na madini yake ya chuma na zinki hayanyonywi na mwili kwa urahisi kama yale ya nyama.

Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Nyama si tiba pekee ya hali hiyo, lakini kumhubiria mama wa mtoto aliyedumaa apunguze nyama asiyokuwa nayo ni dhihaka. Yai moja, au dagaa waliosagwa kwenye uji, vingemfaa zaidi. Na sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Viktoria huishia kwenye chakula cha kuku.

Hoja ya Mjaini bado inadai jibu, kwa maana maumivu ya mnyama hayapungui kwa sababu anayemla ana njaa. Anayeila nyama kwa jina la Mungu ana wajibu wa kutazama mbali kuliko kisu. Kuku waliofungwa miguu, vichwa chini, wakining'inia kwenye usukani wa bodaboda kutwa nzima juani wanaishia kuchinjwa kwa bismillahi. Safari ile haimo katika adabu ya kuchinja.

Mfano wa mgawo mwema upo tayari. Sikukuu ya Idd al-Adha, desturi ya wengi ni kuigawa nyama mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na marafiki, la maskini. Hapo nyama ni kitu cha kugawana, na aliyekosa ana fungu lake. Mwenye kula nyama asubuhi na jioni apunguze, kwa ajili ya moyo wake na ardhi yake. Mtoto anayekula ugali na mchicha peke yake aongezewe. Masheikh, mapadri na wachungaji wanaokemea pombe na riba kila wiki wangefanya jambo la maana kuyatamka haya mawili pamoja kwenye hotuba moja.